Siku Niliyosafisha Matenga ya Mama Nnko

Jamani, hii habari naisimulia mwenyewe kwa sababu mtaisikia tu, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale wachambuaji nyanya wa sokoni, ambao mpaka leo nikipita wananiita Madam Usafi na mimi naitika, nifanyeje. Nimeaibika mara nyingi maishani (nimewahi kuingia harusi ya watu nisiowajua nikakaa meza ya mbele mpaka keki ikakatwa), lakini ya siku ile ilikuwa na uzito wake, maana nilijiaibisha mbele ya bosi, mbele ya wageni na mbele ya soko zima, na papo hapo nikaona kitu ambacho kilinishangaza mpaka nikasahau kulia.

Mnajua mimi ni mtu wa ugavi. Kabla ya kazi hii nilikuwa ghala la soda, napanga kreti, napanga magari, na somo moja lililonikaa kichwani kuliko yote ni kwamba gari lisirudi tupu, gari likirudi tupu umeunguza mafuta bure. Nikahamia ofisi yetu ndogo ya kilimo kule Njiro, na siku ya kwanza kabisa wakanikabidhi funguo za stoo. Nikafungua. Maboksi ya vipeperushi kutoka sakafuni hadi dari, vya miaka na miaka, na vingine panya wameshavifanyia uzazi.

Vilikuwa vya Dokta Lyimo. Dokta ni mtaalamu wa wadudu wa mimea, mzee mpole wa kwetu Kilimanjaro, wakati ule amebakiza miezi michache astaafu, na kama kuna mtu anaijua kantangaze ni yeye. (Kwa wale msiolima, kantangaze ni kidudu kinachotoboa majani ya nyanya halafu kinaingia kwenye tunda lenyewe, na kikishaingia shambani ukachelewa kukigundua, unabaki na mashina makavu.) Yote anayoyajua aliyaandika kwenye ukurasa mmoja, Kiswahili rahisi, na michoro. Kisha kila msimu karatasi hizo zinapelekwa kwenye semina hotelini, watu wanakula, wanapigwa picha, wanaziacha kwenye viti.

“Aika,” aliniambia siku hiyo akiwa amesimama mlangoni pa stoo, “msimu uliopita watu wa Kikwe na Nduruma waliishia kuwalisha ng'ombe nyanya zilizotobolewa. Sasa hivi wanahamisha miche kutoka kitaluni. Nisipowafikia mwezi huu, sitawafikia tena, nitakuwa nyumbani nafuga kuku.”

Mimi nikamtazama yule mzee na maarifa yake yaliyokwama ghalani, nikaona kabisa hili ni tatizo langu, la mzigo upo na mteja yupo ila gari ndilo halipo. Nikamjibu kwa kujiamini ambako leo nikikukumbuka najifunika uso, “Dokta, maarifa ni mzigo kama mzigo mwingine. Niachie mimi.”

Na wazo lenyewe, msinicheke, lilikuwa zuri. Kila siku ya soko mafuso, yale malori, yanakuja na nyanya kutoka Kikwe na Nduruma, yanazimwaga mjini, halafu yanarudi yamebeba matenga matupu ya wakulima, yale ya mbao, kila moja likirudi kwa mwenyewe. Tenga halipotei. Kila mkulima analo lake na lina alama yake, huyu kafunga kipande cha kanga, yule kachoma herufi kwa chuma cha moto. Yaani usafiri upo tayari, anwani zipo tayari, unafika hadi mlangoni kwa mtu, na unaenda mtupu! Nikaona nikiweka vipeperushi vinne vitano kwenye kila tenga, kimoja chake na vingine vya majirani, nimemaliza kazi iliyomshinda Dokta miaka yote.

Anayepokea na kurudisha matenga yale ni Mama Nnko, Mmeru wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya barabara, ameuza nyanya soko lile tangu mimi sijaanza shule. Nikamwendea kwa adabu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, karibu nyanya.”

“Sio nyanya mama, naomba kuweka karatasi kwenye matenga yanayorudi. Ni elimu kwa wakulima.”

“Weka tu mwanangu, karatasi ina uzito gani,” akasema, akageukia wateja.

Sasa hapo ndipo palipo na kale kauamuzi kangu kadogo. Nilipoinama kuweka karatasi nikakuta baadhi ya matenga yana uchafu chini. Hili lina nyanya mbovu imeviringishwa kwenye jani la mgomba, lile lina nyanya moja mbichi, jingine lina jani la mnyanya limefungwa kwa uzi. Mimi nimetoka ghala la soda, kule kreti chafu haipandi gari. Na karatasi zangu ni nyeupe, zina picha ya Dokta amevaa tai. Ningeweza kumuuliza Mama Nnko, alikuwa hatua tano kutoka niliposimama, ndani ya kibanda chake. Nikaona ni kumsumbua. Nikawaambia wapakizi wakung'ute matenga yote, na mimi mwenyewe nikaomba kitambaa nikafuta (mnanijua mimi na kufuta vitu), ndipo nikapanga karatasi zangu chini, zikatandikika vizuri kabisa.

Nikafanya hivyo kila siku ya soko kwa wiki mbili. Mama Nnko hakuona, kwa sababu shughuli zake za matenga anazimaliza asubuhi, na muda wa kupakia yeye yuko ndani anabishana na watu wa hoteli, na mimi nilikuwa nafika muda huo wa kupakia tu, mzigo wa asubuhi sikuwahi kuuona ukishushwa. Na mimi ofisini nikatengeneza ramani yenye mishale, nikairusha ukutani kwa projekta, nikasimama pembeni na kijiti, na kwenye ripoti nikaandika kwa herufi nzito kwamba vyombo vyote vilisafishwa kabla ya kupakiwa. Bosi alifurahi mpaka akaita wageni wawili kutoka makao makuu. Wakauliza tunaweza kuona kwa macho? Nikasema Alhamisi njooni sokoni, fuso likija muwasikie wakulima wanaosindikiza mzigo.

Alhamisi ikafika. Nilisuka nywele. Nilivaa gauni la kitenge nililolishonesha kwa ajili ya kipaimara cha mdogo wangu, na viatu vyeupe, sokoni, viatu vyeupe. Tukasimama mstari, bosi, wageni, Dokta Lyimo na kofia yake, na mimi mbele kidogo kama bibi harusi. Fuso likaja, matenga yakashushwa, la kwanza likapinduliwa juu ya turubai, nyanya zikamwagika, na mwisho kabisa, polepole, ikadondoka picha ya Dokta. Imelowa, nyekundu, tai haionekani. Tenga la pili, Dokta tena. La tatu, Dokta wawili wamegandana.

Wakulima walikuwa wamekuta karatasi zimetandikwa chini ya tenga, na chini ya tenga ndipo watu hutandika magazeti na nyasi ili nyanya zisichubuke, wakajua mjini wameanza huruma, wanawarudishia matenga yakiwa na matandiko tayari. Wakamwagia nyanya juu yake. Maarifa yalienda mpaka Kikwe yakarudi bila kusomwa, na mafuta hayakuungua bure, kwenda na kurudi gari lilikuwa limejaa.

Wageni wakaanza kukohoa. Mimi nikafungua mdomo niseme ni changamoto ndogo, ndipo Mama Nnko akaja amebeba karatasi moja kwa vidole viwili, inachuruzika.

“Hivi haya makaratasi mengi hivi ni ya nani?”

Soko zima lilikuwa linanitazama, la sivyo ningekana. “Ni yangu mama.”

“Wewe. Na ni nani anatoa vitu vyangu kwenye matenga? Wiki mbili naongea na watu hawanijibu.”

“Vitu gani mama?” nikauliza.

Mama Nnko akainama. Alichukua nyanya moja kutoka kwenye turubai, akaigeuza, akatuonyesha chini ya kikonyo katundu kadogo ambako mimi nisingekaona hata kwa miwani ya Dokta, akaipasua kwa kisu, na ndani kidudu kinajinyonganyonga. Akaichukua ile nusu, akaiviringisha kwenye jani la mgomba, akaenda moja kwa moja kwenye tenga moja kati ya yale yaliyorundikana, akaiweka chini.

“Huyu kantangaze imemwingilia. Akifungua akaikuta, anajua apite shina kwa shina leo leo.” Akaokota nyanya nyingine, iliyoiva mno, akaitupa, akachukua mbichi, akaiweka kwenye tenga jingine. “Huyu anachelewa kuvuna, na mimi mzigo wangu unakwenda mbali. Hivi ndivyo nazitaka.” Akakata jani lililobaki kwenye kikonyo, lina madoa, akalifunga uzi. “Huyu anamwagilia jioni, majani yanalala yamelowa. Nilishamkataza.”

Akaendelea hivyo. Jamani, nilisimama pale na gauni langu nikamwangalia yule mama akizunguka kati ya matenga, hana daftari, hana kalamu, anajua nyanya hii ilimwagwa kutoka tenga lipi na tenga lile ni la nani na shamba la huyo nani liko bondeni au juu, na kila mmoja anampelekea habari ya shamba lake mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa gari hilo hilo. Sisi tulikuwa tunawapelekea watu wote ukurasa mmoja. Nimefanya ugavi miaka tisa, nimeona maghala yenye mashine, sijawahi kuona kitu kama kile. Nikamtupia jicho Dokta Lyimo. Alikuwa ameketi juu ya tenga lililopinduliwa, kofia ameishika mkononi, anamtazama Mama Nnko jinsi watu wanavyotazama mlima ukifunguka mawingu.

“Mama,” akamwuliza kwa upole, “na mkulima asipokuta kitu chochote ndani ya tenga?”

“Asipokuta kitu anajua yuko salama, Dokta. Anaendelea na kazi zake.”

Hapo ndipo aibu yote ya nguo na viatu na wageni ilinitoka, ikaingia nyingine. Kwa sababu mimi nilikuwa nimewafutia wote. Kwa kitambaa.

Mama Nnko alikuwa ameshanitangulia kwa mawazo. Alishika tenga lenye kipande cha kanga ya bluu. “Mama Eliya wa Kikwe. Wiki mbili zilizopita nilimwekea yenye tundu. Na leo angalia.” Akapasua tano kutoka kwenye fungu lake, zote tano zina wadudu. “Na ana shamba la pili kando ya hilo lenye wadudu, kahamishia miche juzi tu. Ni mjane, hana kingine.”

Hatukungoja fuso. Dokta alisema gari la ofisi liwashwe, bosi hakubisha, wageni wakaachwa sokoni na ripoti yangu, na sisi watatu, mimi, Dokta na Mama Nnko, tukaenda Kikwe bila kuongea sana. Tulimkuta Mama Eliya anamwagilia, mwanamke mwembamba, akafurahi kutuona, akataka kutupikia. Mama Nnko akazungumza naye Kimeru kwa muda mrefu, mimi nikiangalia chini, na nikaona tabasamu lile likipungua mpaka likaisha. Akaenda shambani, akageuza majani, akarudi.

Nikamwambia ukweli wote, kwamba ni mimi. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru.

“Nilitazama kila mara,” akasema taratibu. “Mbali na zile karatasi, tenga lilikuwa safi kabisa. Nikamshukuru Mungu.”

Dokta akavua koti, akasema tundu Mama Nnko ameliona, sasa la kufanya analijua yeye, tulete majembe. Tukang'oa lile shamba la kwanza lote, mashina yenye nyanya nyekundu bado yananing'inia, tukachimba shimo refu kama alivyosema, tukafukia na kushindilia, hakuna hata jani lililoachwa pembeni, kisha akamwonyesha Mama Eliya mtego wa kuweka kuzunguka ile miche michanga. Viatu vyeupe nusura nivizike humo humo. Tulipomaliza Mama Eliya aliniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe, akasema kitu ambacho sijakisahau.

“Mwanangu, ungeuliza tu. Hakuna aliyewahi kuja kutuuliza, tungewaonyesha.”

Dokta hakustaafu na kuku zake kama alivyopanga, angalau si moja kwa moja. Siku za soko yuko pale na Mama Nnko, na yule mama akipasua nyanya Dokta anamweleza kilichomo, naye anamwelekeza Dokta ni tenga la nani, na kwenye lile jani la mgomba sasa huenda na kakaratasi kadogo, mstari mmoja, wa shamba lile tu. Mimi napakia. Na nimeapa, mbele yenu wote, kwamba sitagusa tena kilichomo kwenye chombo cha mtu kabla sijamwuliza mwenyewe ni nini, hata kiwe kinanuka namna gani.

Lile shamba la pili la Mama Eliya lilichukua wiki nyingi kuzaa. Siku mzigo wake wa kwanza uliposhuka nilishindwa hata kunywa chai. Mama Nnko alipasua nyanya ya kwanza, akapasua ya pili, alizipasua nyingi kuliko kawaida yake, mimi nimesimama nyuma yake nazihesabu. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga yake, akachukua lile tenga la Mama Eliya la kanga ya bluu, akanikabidhi nipakie, na ndani hakuwa ameweka kitu. Nililitazama mara tatu, hata chini ya kile kipande cha kanga, kisha nikalipandisha kwenye gari likaenda Kikwe tupu.