Kiganja Kwenye Tairi

Usiniambie ni hadithi za kupotezea muda. Nilikuwepo, na mdogo wangu Mwanaidi alikuwepo, naye si mtu wa kuongeza chumvi.

Mimi ni dereva, na ninajivunia. Pikapu yangu niliinunua kwa karafuu zangu mwenyewe, na barabara ya Kinole naijua ikiwa kavu na ikiwa utelezi. Msimu ule tairi za mbele zilikuwa zimebaki vipara. Fundi akasema tuzichonge: anapitisha kisu kilichopashwa moto, mistari inarudi, unaziona mpya. Nikakubali, maana nilitaka zinifikishe mwisho wa msimu wa machungwa. Nani huku hajawahi kuchonga?

Basi mchana mmoja wa mvua Mwanaidi akashikwa na uchungu wa kujifungua. Nikamketisha mbele, tukaanza kushuka kwenda hospitali mjini. Ukungu ukafunga. Katikati ya njia akasimama bibi mmoja, kanga zimemganda mwilini. Nikafunga breki, nikashuka.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Mzee gani wa Kiluguru asiyeitikia shikamoo? Akainama, akapitisha kiganja kwenye tairi la kushoto, taratibu, kama anayefuta vumbi.

"Hili limeshakufa, mwanangu. Mmelichora uso tu."

Akanivuta mkono, akaubandika pale pale. Wallahi, lilikuwa baridi kama maji ya mlimani.

Nilipoinua macho, hayupo. Na ile mistari ya fundi haikuwepo! Tairi laini kama sahani, nyaya zinachungulia.

Niliogopa, sikufichi. Nikapiga jeki, nikafunga spea huku Mwanaidi akinitukana kwa maumivu, lile la kipara nikalitupa nyuma ya pikapu. Tukashuka polepole. Tulipofika kwenye kona ya korongo, paa! Lilipasuka lenyewe huko nyuma lilikolala. Hebu fikiria lingekuwa chini yetu.

Mtoto alizaliwa salama. Ni wa kike, na amepewa jina langu.

Tangu siku ile kiganja hiki hupoa kikigusa tairi lililokufa. Kinole sasa watu hawapandi gari kabla sijalishika, na madereva wanaume wananiita wenyewe. Kwa hiyo nisikilize: mistari ikiisha, badilisha. Usichonge, wala usingoje nyaya zikuchungulie.

Gari lako hapo nje nimelishika nilipokuwa naingia. Leo usiondoke nalo.