Baba Cheua

Mimi niliyeishia darasa la nne, leo nina mashine za kukoboa mpunga kuanzia Ifakara hadi Mlimba. Miaka ya tisini nilikuwa na moja tu, na binti mchanga aliyecheua kila akinyonya, tukaogopa hatakua. Nesi akasema akishashiba tusimlaze, tumshike wima mpaka abeue. Mke wangu akimaliza kunyonyesha, mtoto alikuwa wangu. Nilikaa naye begani nje ya mashine, shati limeganda maziwa.

“Baba Cheua, leo umepakwa chokaa?” wateja walinitania.

“Nani mwingine bonde hili anaweza?” niliwajibu, na kweli hakuwepo.

Alipoanza kukaa, kucheua kukaisha. Nikimweka begani anajinyonganyonga, anataka chini. Nyumba nzima ilifurahi. Mashine zote hizi nimenunua, bega bado linamtafuta.