Kamera Iliyo Njiani

Vijana wa pikipiki pale sokoni Kasongo wana msemo wao. Ukiwauliza barabara ya Kabambare itatengenezwa lini, watakujibu, "Itakuja pamoja na kamera ya Mwamvita," kisha watacheka. Wengi wao hawamjui Mwamvita. Mimi ninamjua. Ni binti wa baba yangu mkubwa, na ninamwita yaya kwa sababu alinitangulia kuzaliwa. Ningependa wanaocheka wajue wanamcheka nani.

Baba yake, mzee Assumani, alikuwa na studio ya picha upande wa mbele wa nyumba yao, karibu na msikiti. Kamera yake aliipata kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyefunga duka na kuondoka, zamani sana. Ilikuwa ndogo na nzito, nyeusi, rangi imebanduka pembeni mpaka shaba ikaonekana. Juu yake kulikuwa na kidirisha. Ukichungulia humo unamwona mtu, na kando yake pacha mwepesi, kama roho iliyochelewa kumfuata. Unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka pacha aingie ndani ya mwenyewe. Hapo ndipo unabonyeza. Shuleni tuliambiwa kifaa hicho kinaitwa telemetre. Mzee Assumani alikiita kupatanisha, na alimfundisha binti yake kupatanisha kabla mama yake hajamfundisha kupika.

Alimfundisha yeye kwa kuwa kulikuwa na mahali ambapo mzee mwenyewe hakuweza kuingia. Katika familia zetu za Waislamu wa mji, bibi harusi huwekwa chumba cha ndani siku za kabla ya ndoa. Wanawake humsugua mafuta na udi, humpaka hina, humwimbia, humwambia mambo ambayo mwanamume hayasikii. Mapazia hufungwa, na mwenyewe huketi mkekani na kitenge kimoja tu, mabega wazi. Hakuna mpiga picha mwanamume anayevuka kizingiti hicho. Mwamvita alikivuka. Hakutumia flashi; mwanga wa taa ulimtosha, na kamera ya baba yake ilifyatuka taratibu kama mtu anayemeza mate.

Filamu alizisafisha mwenyewe, nyumbani, gizani. Fungate ikiisha, alimpelekea mke mpya picha zake pamoja na negativu zote, ndani ya kifuko cha kitambaa alichokishona kwa mkono. Yeye hakubakiza hata moja. Kifuko kilikuwa mali ya mwanamke. Mumewe akiruhusiwa aliona, asiporuhusiwa hakuona. Najua bibi mmoja wa Nyangwe aliyewaagiza binti zake wakichome kifuko chake siku atakapokufa, nao wakakichoma kabla hata hawajapika chakula cha matanga.

Simu zilipoingia mjini, wasichana walianza kumsihi: yaya, tupige na simu, tujione sasa hivi. Aliwajibu wote jibu moja. "Picha ikionekana chumbani, imekwisha toka nje." Akina mama walilipenda jibu hilo, wakawa wanawarudishia binti zao kama aya.

Lazima niseme kwa nini mambo haya yalikuwa mazito kwake. Mwamvita aliolewa akaachwa, na hakupata mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye ameitwa Mwamvita mpaka nywele zimeingia mvi. Mwanamke wa namna hiyo, kwenye sherehe ya watu, nafasi yake ni jikoni, kwenye moshi, akimenya vitunguu. Lakini Mwamvita nafasi yake ilikuwa pembeni ya mkeka wa bibi harusi. Sahani ya kwanza ilikuwa yake. Kutoka Kabambare walimtumia pikipiki ya kumchukua na mtu wa kumshikia mwavuli. Kamera ile ndiyo iliyomwingiza ndani ya nyumba za watu. Hakuwa na kingine.

Kisha filamu zikaisha. Ziliisha duniani au zilituishia sisi tu, sijui. Wafanyabiashara waliokwenda Bukavu walirudi mikono mitupu, na dawa za kusafishia zikaisha pia. Kamera ya mzee Assumani ikabaki nzima, safi, na haina kazi.

Hapo ndipo alipoanza kwenda kwa Zacharie. Huyu ni kijana wa Bukavu, Mkatoliki, ana kibanda cha kucharji simu na sahani ya mtandao juu ya bati. Kwa Zacharie, Mwamvita aligundua kwamba hayuko peke yake: huko duniani kuna watu chungu nzima wanaongoja kamera ile ile anayoingoja yeye. Kamera mpya, ya kadi badala ya filamu, lakini yenye kidirisha cha kupatanisha, na inayokubali lenzi za zamani. Tena, na hili ndilo lililomshika moyo, haitakuwa na kioo nyuma. Picha haitaonekana mpaka mwenyewe aende akaitazame nyumbani kwake. Za namna hiyo zilikuwepo tayari, lakini bei yake ni ya kununulia nyumba. Uvumi ulisema kuna fundi mwingine, mpya, anayetengeneza ya watu wa kawaida.

"Kadi nitaitia kwenye kifuko," aliniambia Mwamvita siku hiyo, uso umemng'aa. "Unaona? Hakuna kitakachobadilika."

Basi kila Ijumaa, baada ya swala, alikuwa pale kibandani.

"Yaya Mwamvita, leo iko habari!" Zacharie alimwita siku moja nilipokuwa naye. "Mutu mumoja ameiona."

"Ameiona wapi?"

"Iko kwenye picha. Tazama."

Mwamvita aliinamia simu. Kulikuwa na kitu cheusi, chenye ukungu, kama kaa la moto lililozimika kwenye mvua.

"Hii ni kamera ao ni kiatu?"

"Ni kamera, yaya. Wanasema ni pembe yake ya kushoto."

"Zacharie, watu wanatengeneza kamera, na hawana hata mumoja wa kuipiga picha sawasawa?"

Vijana waliokuwa wakingoja simu zao walicheka. "Mama, waandikie wakupe kazi!"

"Nitawaandikia. Nanyi nitawaacha hapa hapa, mukingoja umeme kama kuku wanaongoja mahindi."

Alikuwa bado anajua kutania wakati huo. Kamera ilisemwa itatoka kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, ikasemwa baada ya mvua. Mvua zikapita. Zacharie alisoma kwamba fundi amekosa kipande fulani, kisha kwamba fundi hajakosa kitu bali waliosema hivyo ni waongo, kisha kwamba hakuna fundi. Wiki iliyofuata fundi alikuwepo tena. Mtu akimuuliza Mwamvita, alijibu kama mjamzito aliyepitisha siku zake: "Imechelewa tu. Iko njiani."

Na huku bibi harusi wanaolewa. Nilimwambia mara moja, "Yaya, nunua kamera ya kawaida, ile kioo uifunike na plasta." Aliniangalia kama nimemshauri aswali bila kutawadha. Watu wa Kabambare waliacha kutuma pikipiki, wakawa wanapiga simu tu kuuliza, kisha simu nazo zikakoma. Katika ndoa moja ya hapa mjini nilimkuta jikoni, machozi ya vitunguu yanamtoka, na wanawake wanamwambia, "Mwamvita, afadhali uko na mikono myepesi." Alichukua kitunguu kingine.

Halafu akaposwa Asma, binti wa Kamaldine muuza vitambaa. Mama yake Asma alikuja nyumbani kwa Mwamvita mwenyewe, akaketi kitandani kwa kukosa kiti.

"Yaya, mimi ulinipiga weye. Kifuko changu ninacho mpaka leo. Asma atapigwa na nani?"

"Na mimi. Kamera iko njiani."

"Njiani ni wapi, yaya? Mutoto anaolewa baada ya mufungo."

"Itafika."

"Basi chumba kinakungojea. Lakini usiniaibishe kwa mama mukwe wangu."

Wiki chache baadaye Zacharie alikuja mbio mpaka nyumbani, viatu vimejaa vumbi. Imetoka! Safari hii picha ilikuwa safi: kamera nyeusi, ndogo, kidirisha juu pembeni, uso ule ule wa kamera ya mzee Assumani. Ilikuwa imeonekana inauzwa Kampala. Mwamvita hakulala kwa furaha. Aliiuza studio ya baba yake kwa Moustapha, aliyeitaka siku nyingi afungue saluni, na alichopata akamkabidhi Muhindo, mfanyabiashara wa kabila la Wanande anayenunua dhahabu migodini Lusangi na kuipeleka Kampala.

Muhindo si mwizi, na sitaki adhaniwe hivyo. Ni mtu mwaminifu. Punje ya dhahabu akiigusa tu anajua kama imechanganywa na shaba. Lakini kamera hakuijua. Alionyesha picha dukani, akaambiwa ndiyo hii, akaibeba kwenye begi lake la mkononi mpaka Kasongo kama anabeba yai.

Tulikuwa wawili tulipoifungua. Ilikuwa nyepesi. Mwamvita aliinua, akachungulia kidirishani, akanielekezea, akatafuta pete ya kuzungusha. Alishusha. Akainua tena.

"Sogea dirishani," aliniambia.

Nilisogea.

"Uko mumoja tu," alisema.

Nilichukua nikachungulia. Kidirisha kilikuwa kigae cha kioo, nyuma yake hakuna kitu. Walikiweka kwa ajili ya sura. Lenzi haikutoka mahali pake. Na mgongo mzima wa kamera ulikuwa kioo, ambacho kiliwaka chenyewe, cheupe, kikaangaza chumba.

Mwamvita aliketi nayo mapajani. Nje, vijana wa Moustapha walikuwa wanagongelea vibao vya saluni ukutani. "Labda sijaijua," alisema. "Nitaizoea." Kisha akaniomba nimletee plasta kutoka dispensari.

Siku ya Asma aliingia chumba cha ndani amevaa kitenge kipya. Nilikuwa humo pamoja na wanawake wengine. Akina mama walimpigia vigelegele, na mama yake Asma alimwonyesha kwa mkono pembeni ya mkeka, pale pale pa zamani. Kamera ilikuwa imezungushiwa plasta nyuma, tabaka juu ya tabaka, nadhifu kama kidonda cha mgonjwa tajiri. Wageni hawakuuliza. Walimwamini.

Kuna desturi chumbani humo ambayo hata mimi niliisahau. Kila anayeingia hupakwa mafuta mikononi, yale yale ya bibi harusi, ili asimletee mkosi wa mkono mkavu. Mwamvita alipakwa mara zote, na kamera ya chuma ya baba yake haikujali mafuta. Hii ilijali. Alipiga picha ya kwanza, mashine ikalia pii, na taa nyekundu ikampiga Asma kifuani. Wanawake walicheka kidogo. Alipiga ya pili. Joto lilikuwa kali, vidole vyake vinateleza, na plasta ikaanza kunyanyuka pembeni. Aliibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kilikuwa na mafuta. Ikatoka yote kwa pamoja, ikaanguka mkekani.

Kioo kiliwaka. Na ndani ya kioo alikuwepo Asma, mabega wazi, rangi zote, kila tone la mafuta linang'aa.

"Nione! Nione!" Wasichana waliruka. Mmoja aliishika kamera, mwingine akavuta mkono. Na hapo Koko, bibi yake Asma mzaa baba, aliyekuwa ameketi ukutani asubuhi nzima, aliinuka akamfunika mjukuu wake na kitenge mpaka kichwani.

"Mwamvita," alisema. "Ni weye uliyetufundisha. Picha ikionekana chumbani?"

Mwamvita aliinama kuokota plasta.

"Maliza basi," alisema Koko. "Ni maneno yako."

"Imekwisha toka nje," alisema Mwamvita.

"Toa hiyo kitu."

Wasichana walianza kulalamika, kwamba Asma atakosa picha kabisa. Ndipo Laura, binamu yake wa Kindu, alipotoa simu kutoka chini ya kitenge chake, akasema yeye anaweza kupiga na baadaye afute. Nilitegemea Koko amtoe naye. Koko alimtazama, akasema, "Huyu ni damu yetu. Telefoni yake ni ya nyumbani," akarudi kuketi ukutani. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyepinga. Nilifikiri mimi ningepinga. Sikupinga.

Mama yake Asma alimshika Mwamvita bega, akamsindikiza mlangoni, akiongea chini chini. Alikuwa na haya kweli. "Yaya, usikasirike. Lakini wengine wote wasiingie na matelefoni. Wewe ndiye tunakuamini. Keti hapa, uwapokee, uyaweke kwenye beseni." Alimletea kigoda, na beseni ya plastiki.

Mwamvita aliketi nje ya pazia. Kamera yake aliiweka ndani ya beseni kwanza, chini kabisa, na juu yake simu zikaanza kujaa, moja moja. Wengine walimkabidhi kwa mikono miwili, wengine walizitupa tu. Ndani wimbo ulianza upya. Mara simu ililia ndani ya beseni, ikatetemesha nyingine zote, naye akaipekua akaizima.

Mwanamke mmoja wa Kabambare alifika amechelewa, na vumbi la safari kwenye nyusi. Alimtambua mara moja, akamkumbatia. Mwamvita ndiye aliyempiga picha siku yake.

"Yaya! Uko nje unafanya nini? Leo hupigi?"

"Toa telefoni, mama," alisema Mwamvita, akamsogezea beseni. "Weka hapa."