Firigisi ya Mnunuzi

Kilichoninyima usingizi wiki tatu nzima hakikuwa mapenzi wala kukosa kazi, ingawa kazi nayo sikuwa nayo. Lilikuwa swali la mafuta. Ninunue pikapu ya dizeli au ya petroli?

Najua linavyosikika. Lakini mimi ni mtu ambaye hata kuchagua viatu humchukua siku nzima, na hili halikuwa jambo la viatu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kilimo, nikatuma maombi ya kazi mpaka nikachoka kujitambulisha kwa watu wasionijibu, kisha nikaanzisha kitalu cha miche nyuma ya nyumba yetu karibu na Mabanga. Kabeji, sukuma wiki, vitunguu, pilipili hoho. Wateja wangu walikuwa katika soko la Chwele na mashamba ya Kitale. Miche ilisafiri kwa bodaboda, trei zimefungwa kwa mpira, na nusu yake ilifika imelala kama imechapwa. Akiba ya misimu minne ilitosha gari moja kuukuu. Moja tu. Nikikosea, kitalu kimekwisha, nami narudi kutuma maombi.

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mambo makubwa ya nyumbani huamuliwa na baba mdogo. Yeye hakuwa na swali.

"Petroli ni ya kupeleka watoto shule," alisema. "Gari ya mtu wa shamba ni dizeli. Ikija, watu waisikie kutoka darajani."

"Lakini baba, miche haina uzito."

"Leo ni miche. Kesho si ni mahindi? Harusi? Matanga? Utabeba jeneza la watu na petroli kweli?"

Nikaandika yote kwenye daftari, kurasa mbili zikitazamana. Dizeli ina nguvu mlimani, haili mafuta sana, inatoka kwenye matope. Petroli huwaka upesi, ni nyepesi, na fundi yeyote anaiweza. Nilimuuliza fundi mmoja wa Bungoma, akasema dizeli bila kuinua kichwa. Nikamuuliza mwingine, naye akaniuliza, "Kwani unabeba nini?" Nikamwambia miche. Akacheka, akarudi chini ya gari lake. Kicheko hicho nilikichambua siku nne.

Kulikuwa na pikapu ya petroli mjini Bungoma. Mwalimu mmoja mstaafu, mama mpole, alikuwa akiiuza, na nilikuwa nimeenda kuiona mara mbili. Niliipenda. Huko kuipenda ndiko kulikonitia shaka.

Jumamosi moja baba mdogo akanipeleka Kitale. Shemeji yake, kaka wa mke wake, alikuwa na pikapu ya dizeli na alikuwa "ameshakubali" kuniuzia. Mimi sikuwa nimemwomba.

Nilikuwa nimesoma kwamba dizeli iliyochoka hujulikana injini ikiwa baridi, na baridi ya Kitale asubuhi haina mzaha. Muuzaji mjanja huiwasha kabla hujafika. Kwa hiyo tulipoingia uani, hata salamu hazijaisha, niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa moto kama sufuria ya chai.

"Nimetoka kupeleka maziwa sasa hivi," mwenye gari akasema.

"Naomba ipoe kwanza, mjomba."

Baba mdogo alinitazama kana kwamba nimepiga mluzi kanisani. Kwetu shemeji hapimwi. Neno lake unalipokea kama lilivyo, hata kama unaona moshi.

"Ipoe?" mjomba akauliza.

"Ipoe kabisa."

Akacheka. "Hawa ndio wasomi, bana. Basi na ipoe." Akageukia jikoni. "Mama watoto, shika kuku!"

Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Kwetu kuku si chakula tu. Mgeni akichinjiwa kuku ameheshimiwa, na aliyeheshimiwa hainuki mezani akasema hapana. Tulikuwa tumekuja kukagua gari, na sasa tunakwenda kula kabla ya kupiga stata. Sijui watu wengine wanaoweza kununua injini kwa mchuzi.

Kuku akaja na ugali. Firigisi, kipande cha heshima, ambacho tangu zamani ni cha mwanamume mkubwa aliyepo, ikawekwa mbele ya baba mdogo.

"Ya mnunuzi," mjomba akasema.

Nyanya yangu, aliyemzaa baba, aliishi maisha yake yote bila kuonja kuku. Aliwakata kwa viungo vyao sawasawa, akawapika, akawapeleka mezani, akarudi jikoni kula mboga. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanawake wa wakati wake. Nilimkumbuka pale, mimi mjukuu wake wa kike niliyekuja kununua gari.

"Baba," nikasema, "mnunuzi ni mimi."

Nikanyoosha mkono, nikaichukua firigisi kwenye sahani yake, nikaitia mdomoni.

Mke wa mjomba alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mimi nilitafuna. Firigisi ni ngumu, na niliitafuna muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kwa kuwa nilijua nikiimeza itanibidi niseme kitu.

"Haya," baba mdogo akasema mwishowe. "Umekula. Tumemaliza."

"Bado stata."

Boneti ilikuwa baridi sasa. Nikakaa nyuma ya usukani na, nakiri, niliomba gari likatae. Lingekohoa mara tatu, likatoa moshi mweupe, nami ningerudi nyumbani na sababu ambayo hakuna wa kuipinga.

Liliwaka mara moja. Mngurumo mzito, safi, hata kuku waliobaki uani wakatawanyika. Lilikuwa gari zuri, nasema hivyo kwa haki. Mjomba alikunja mikono kifuani akatabasamu.

Nilishuka, nikafunga mlango. Kisingizio changu kilikuwa kimekufa. Na kwa kuwa kilikufa, nikaona nilichokuwa nimekiandika wiki tatu bila kukisoma: mahindi, harusi, matanga. Kila sababu ya dizeli ilikuwa mzigo wa mtu mwingine. Ningenunua nguvu kwa akiba yangu, kisha nguvu hizo zipangiwe kazi na kila mtu isipokuwa mimi. Msiba nitausaidia, sijawa mnyama. Lakini gari la kitalu nitalipima kwa kitalu.

"Gari ni nzuri, mjomba," nikasema. "Lakini sichukui."

"Ati?" Baba mdogo alikuja mbio. "Imekataa kuwaka?"

"Imewaka."

"Imetoa moshi?"

"Haijatoa."

"Sasa shida ni nini?"

"Ni ya kazi kubwa. Mimi kazi yangu ni miche."

"Umekula firigisi ya mtu!"

"Nimekula kama mnunuzi, baba. Na mnunuzi anaweza kukataa. Ungekula wewe, tungekuwa tumenunua."

Mjomba akamgeukia baba mdogo. "Huyu mlimsomesha kweli," akasema. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Baba mdogo hakunisemesha mpaka tulipofika Webuye. Hapo akakohoa. "Ikikwama kwa matope ya Chwele, usinipigie simu."

"Sitapiga."

Jumatatu nilikwenda kwa yule mwalimu. Niliweka kiganja juu ya boneti: baridi. Nikauliza maswali yaleyale niliyouliza mara mbili zilizopita, akanijibu kwa uvumilivu wa mtu aliyefundisha darasa la kwanza. Kisha nikainunua pikapu ya petroli.

Alhamisi nilipakia trei za kabeji za kupeleka Kitale, na pembeni yake jogoo aliyefungwa miguu, wa kumpelekea mjomba. Nimemkatalia gari, kuku wake siwezi kumla bure. Nikiwa natoka Bungoma nikaingia kituo cha mafuta. Mhudumu aliona pikapu, akaona matope, akaona jogoo, na bila kuuliza akavuta mpira wa dizeli.

"Sasa madam. Dizeli ya ngapi?"

Nilishuka haraka nikafunika mdomo wa tangi kwa kiganja.

"Petroli."

"Ati petroli? Pikapu ya shamba?"

"Pikapu yangu," nikasema. "Jaza."

Akaurudisha mpira mahali pake, akavuta ule mwingine.