Njia Haiuzwi

Mume wangu ni fundi seremala, na ukitaka ugomvi naye mwambie mbao zake zimepinda. Hapo utamjua. Lakini ardhi ya baba yake aliipima kwa mdomo, na ndiyo sababu leo mimi, mke wake wa ndoa, mama wa watoto wake, nikitaka kwenda dukani kununua chumvi lazima nibishe hodi kwanza. Acheni niseme, nikinyamaza nitapasuka.

Zamani hapa palikuwa shamba. Nyumba moja huku, nyingine kule, moshi wa jirani unauona kabla hujamwona mwenyewe. Ukienda kisimani unapita uani kwa shangazi, unasalimia, unaulizwa habari za watoto, unakatiza nyuma ya zizi la wajomba, umefika. Hakuna aliyeuliza njia ni ya nani. Marehemu mama mkwe alikuwa akisema njia ni kama salamu, hanyimwi mtu. Na kwa wakati ule ilikuwa kweli.

Kisha barabara kuu ikatiwa lami, nguzo za umeme zikafuata, na mji ukaanza kutujia kidogo kidogo kama maji yaliyomwagika sakafuni. Watu wakawa wanakuja na viatu vyao vya kung'aa kutafuta viwanja. Baba watoto akalikata shamba la urithi vipande vipande. Simlaumu kwa kuuza, watoto walikuwa shuleni na hakuna anayekula hewa. Aliuza nyuma, akauza kulia, akauza kushoto, akauza mbele. Katikati akatuachia nyumba yetu na karakana yake.

"Na njia?" nilimuuliza siku aliyosimika mti wa mpaka wa mwisho.

Akacheka. "Mama watoto nawe! Njia haiuzwi. Nimeuza ardhi, sijauza njia. Kwani watu watapaa?"

Wazee wa ukoo waliokuja kushuhudia wakatikisa vichwa, eti fundi kasema kweli. Ndivyo walivyolelewa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona mtu akizuiwa kupita kwa jirani.

Wa kwanza kujenga ukuta alikuwa mwenye lori, kule nyuma. Mtu mstaarabu, alikuja kutuarifu, na papo hapo akampa mume wangu kazi ya fremu za madirisha yote. Tulifurahi jamani! Njia ya kisimani ikafa, tukasema si neno, maji ya bomba yamefika. Wa kulia, muuza nguo, naye akajenga, fundi akamtengenezea milango. Wa kushoto hivyo hivyo. Kila ukuta ulikuja na kazi yake, na mume wangu alipiga randa huku anaimba. Nikamwambia, "Chekelea tu, siku moja utaamka uko kwenye debe." Akaniambia nina maneno mengi.

Ikabaki mbele, kwa nesi. Nesi ni binti wa watu, mpole, analea wanawe peke yake, hakosi kutupa shikamoo yetu hata akiwa hoi kwa kazi. Nyumba yake aliijenga pembeni, na ile sehemu iliyobaki tupu ndiyo tuliyopitia kwenda barabarani: sisi, wateja, mbao zinazoingia, makabati yanayotoka. Nilikuwa nakichungulia kile kiwanja kila asubuhi kama mtu anayeuguza. Pale pakizibwa, karakana imekufa. Mtu hawezi kurusha kitanda juu ya ukuta. Na fundi wa umri wake akapange wapi huko mjini, kwa nani, aanze upya na nini?

Mwezi uliopita mchanga ukamwagwa. Matofali yakafuata.

Nilimsukuma baba watoto akavaa shati lake la kutokea, tukaenda wote. Nesi akatukaribisha, akatuwekea chai. Mume wangu akaanza kuzunguka mbuyu: mara mvua, mara mbao siku hizi hazikauki vizuri, mpaka nikamkanyaga mguu.

"Mwanangu," akasema, "huo ukuta wako utatuacha wapi?"

Nesi akainamisha macho. "Baba, wezi wameshaniingilia nikiwa kazini. Wanangu wanalala peke yao. Nifanyeje?"

"Lakini njia, mwanangu. Njia haiuzwi."

"Baba, siku ile ulinionyesha miti ya mpaka. Njia hukunionyesha."

Haki ya Mungu, nilitafuta pa kumkasirikia yule binti nikapakosa. Hasira zote zikamrudia huyu wangu niliyekaa naye, na yeye amekikodolea kikombe cha chai. Niliumia, kwa sababu nesi alisema kweli tupu.

Nesi mwenyewe ndiye aliyetoa wazo. Ataacha nafasi ya mlango mdogo ukutani, tuwe tunapita uani kwake, na mlango autengeneze baba. Mume wangu akashukuru mpaka nikaona aibu. Kurudi nyumbani akawa ananiambia, "Unaona? Mtu ni utu."

"Kabati halipiti pale," nikamwambia.

"Nitatengeneza stuli."

Akaenda kuchukua mbao ngumu alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kitanda chetu cha uzeeni, akaupasulia mlango ule. Siku ya kuufunga nesi alikuja akasimama upande wake. Baba watoto akatia bawaba, akafungua, akafunga, mlango haukulia hata kidogo. Akatoa komeo mfukoni, akaliweka upande wetu, akaanza kupima.

"Samahani, baba," nesi akasema taratibu. "Komeo likae huku kwangu. Nikienda zamu ya usiku nafunga, nikirudi asubuhi nafungua."

"Na mtu akiugua usiku?" nikadakia.

"Mtanipigia simu, mama. Nikipata nafasi nitakuja."

Nilimgeukia mume wangu. Alivuka kizingiti, akaenda upande wa nesi, akalifunga lile komeo kwa parafujo ndefu, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha akarudi kwetu na mfuko wake wa vifaa, akauvuta mlango. Tukasikia komeo linateleza, likaingia.

"Asante, baba, kazi nzuri," nesi akasema kutoka huko.

Nilifungua mdomo nimpe baba watoto vidonge vyake, vya miaka yote. Nikamkuta ameweka viganja mlangoni, anausukuma kama anavyosukuma kila mlango kabla ya kumkabidhi mteja. Akasukuma kwa bega. Akasukuma tena.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Uko imara, mama watoto," akasema, na machozi yanamtoka. "Hatutoki."