Nilivyoitwa mwizi kwa kuuza katuni iliyokuwa safi mno

Wakuu, niaje.

Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za kuuza vitu online. Mara mteja anasema mzigo umefika umevunjika, mara ametumiwa saizi ya mtoto. Nikasema acha na mimi nitoe yangu.

Ni ya zamani, miaka ya tisini ikielekea kuisha, na ni ya kweli. Kama kuna mtu aliyekaa Mowlem, Nairobi, wakati huo akaona nimetia chumvi, anikosoe hapa hapa mbele ya watu.

Nilikuwa karani kwa kampuni ndogo ya clearing and forwarding tao. Nilikuwa nimepanga chumba Mowlem kwa mama mmoja mjane, tulimwita Mama Mutheu. Mkamba, mtu wa kanisa, mpole mpaka umkosee.

Marehemu mumewe alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kidogo cha uchapaji huko Industrial Area. Kitambo, kiwanda hicho kilijaribu kutoa vitabu vya katuni vya Kiswahili, hadithi za mpelelezi mmoja anaitwa Inspekta Nyuki. Toleo la kwanza mpaka la tisa.

Hazikuuzika.

Kiwanda kikafunga, na badala ya mshahara wa mwisho wafanyakazi wakapewa mabunda ya katuni, kila mtu akajitafutie.

Wengine waliziuza zikafungiwe njugu. Mume wa Mama Mutheu alikataa. Alizifunga kwa karatasi ya khaki, akatia nafthalini ya kufukuza wadudu na majani makavu ya mwarobaini, akazipanga kwa chumba cha nyuma kama mtu anayelaza watoto. Watoto wao wenyewe walikuwa wakichapwa wakikaribia huo mlango.

"Alikuwa anasema huo ni mshahara wake," Mama Mutheu aliniambia, "na hakuna mtu anasoma mshahara."

Sasa wakuu, wakati huo cyber za kuingilia internet zilikuwa chache. Unalipia kwa dakika, na network ikikatika, dakika zinaendelea tu kuhesabiwa kama hakuna kilichotokea. Nilikuwa naandika email zangu kwa karatasi nikiwa nyumbani, nikifika huko nazichapa mbio mbio.

Siku moja katika kuzurura nikakuta ubao wa mtandaoni wa watu wanaokusanya katuni za zamani kutoka pande zote za dunia. Watu wazima, wengine wana wajukuu. Mmoja, jamaa wa Uholanzi anaitwa Gerrit, alikuwa ameandika kwamba anatafuta Inspekta Nyuki namba moja, na kwamba anajua nakala moja tu duniani.

Nilisoma hiyo sentensi mara tatu. Dakika zinaenda.

Jioni nikamwambia Mama Mutheu. Alikuwa anasukuma chapati, hata hakuinua macho.

"Mzungu anataka hizo karatasi?"

"Anataka moja, mama."

"Na yuko sawa kichwani?"

Nikamwambia sijui, lakini anaonekana ana pesa. Tukakubaliana nitauza, atanipa kitu kidogo cha usumbufu. Yeye mabati yake yalikuwa yanavuja juu ya jikoni, na mvua ilikuwa karibu.

Hapa ndipo nilipokosea, na sikujua nimekosea.

Nilipoweka tangazo, nilitakiwa kueleza hali ya kitabu. Mimi nimelelewa kwamba mtu hajisifu. Ukiulizwa habari yako, ni nzuri. Ukiulizwa kitabu kikoje, ni kizuri. Nikaandika "Good", nikaongeza kurasa zote zipo. Basi.

Sikujua hao watu wana ngazi zao. Kwao "Good" ni kitabu kilichochoka. Kona zimepinda, mgongo umechanika, labda mtu amekanyaga kifuniko, lakini kinasomeka. Juu ya "Good" kuna ngazi nyingine nyingi, mpaka unafika kitabu ambacho ni kama kimetoka kwa mashine asubuhi ya leo.

Na cha Mama Mutheu ndicho hicho cha asubuhi ya leo.

Gerrit alishindana na wenzake wawili, akawashinda. Alituma bank draft, bank ikachukua wiki zake za kufikiria, pesa ikatoka. Nikafunga kitabu kwa makaratasi matatu, nikakituma kwa posta. Mama Mutheu akaita fundi, mabati yakapigwa. Tukala kuku.

Halafu email ikaja.

Naitafsiri vile naikumbuka. "Bwana, ulitangaza Good. Nilichopokea kina kona kali kama kisu, kurasa nyeupe, na harufu ya dawa. Hakuna kitabu kinachoweza kukaa Afrika miaka yote hiyo kikabaki hivi. Umechapa upya. Na hizo pini za katikati umezitoa wapi? Nirudishie pesa yangu, la sivyo jina lako linaingia kwa orodha ya matapeli."

Wakuu, nilikaa pale kwa kiti cha cyber nikasikia masikio yakipata moto.

Nimewahi kusikia mteja akilalamika kwamba kitu ni kibovu. Huyu alikuwa analalamika kwamba ni kizuri, na kwamba uzuri wenyewe ndio ushahidi wa wizi.

Nikamjibu kwa Kiingereza cha barua ya kuomba kazi. Nikamwambia kwa heshima na taadhima kwamba mimi ni Mkristo, karani mwenye kitambulisho, na sijawahi kughushi chochote.

Akajibu mstari mmoja: "Sikukuuliza dini, nimekuuliza pini za katikati."

Pini ni zile waya zinazoshika kurasa. Alisema zake ni nene kuliko zile za nakala nyingine anayoijua, na moja imekaa upande.

Nikarudi Mowlem na huo mzigo. Mama Mutheu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mimi ni mwizi," akasema.

"Si wewe mama, ni mimi ameniita."

"Kitabu ni cha mume wangu. Pesa iko hapo juu imepigwa misumari." Akaonyesha mabati. "Unataka nipande nikaitoe?"

Akarudi kuchambua mchele, akasema, "Nenda Lucky Summer, umtafute Mzee Athumani. Yeye ndiye alikuwa anashona hivyo vitabu."

Mzee Athumani alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia safi na vidole vyenye gundi. Alikuwa akishona vitabu barazani kwake. Juzuu za madrasa upande huu, vitabu vya nyimbo vya kanisa upande ule, na rejista za shule katikati zikiwatenganisha.

Nilimpa nakala nyingine ya namba moja niliyotoka nayo nyumbani. Aliipindua, akainusa, akacheka.

Nikamweleza kuna mzungu anasema ni feki.

Akaacha kucheka. Wakuu, yule mzee alikasirika kuliko sisi wote.

"Feki?" akasema. "Kijana, hiki chenyewe kilichapwa na hakuna mtu alinunua. Nani mwenye akili angepoteza karatasi kuiga kitu ambacho hata halisi yake ilikosa mnunuzi?"

Baadaye alitulia, akaniagizia chai, akanipa historia yote. Waya ya kawaida iliwaishia katikati ya kazi, wakatumia ile nene ya kushonea counter book, na mashine ikawa inaipindisha pini ya chini. Kwa hivyo toleo la kwanza lina aina mbili za pini. Akaniambia pia nifungue ukurasa wa kumi na moja, nitazame koti la Inspekta. Rangi ya kijani imetoka nje ya mstari upande wa bega la kushoto, kwa sababu sahani ya kuchapia ilisogea na bosi akasema chapa tu hivyo hivyo.

Tukafungua. Bega la kushoto, kijani imemwagika.

"Mwambie atazame chake," akasema Mzee Athumani. "Na hiyo nakala nyingine pia atazame. Mtu anayeghushi hurekebisha makosa. Hawezi kuyabeba."

Niliandika ile barua kwa karatasi mbili kamili. Pini, waya, koti, sahani, bosi. Nilikuwa nimewaka. Nilikuwa naandika kama wakili.

Na kwa vile nilikuwa nimewaka, nikaongeza aya moja ya mwisho ambayo hakuna mtu alikuwa ameniomba.

Nikaandika: "Na kama bado una shaka, hapa nyumbani tuna chumba kizima. Mabunda yako mpaka dirishani. Nitakutumia nyingine kumi bure ulinganishe."

Nikatuma. Nikatoka cyber nikitembea kifua mbele.

Jibu la Gerrit lilikuja baada ya siku mbili. Alitazama ukurasa wa kumi na moja wa chake, kisha akampigia simu mwenye nakala nyingine naye atazame. Yote yalikuwa vile vile. Akaomba msamaha, na ili kunisafisha jina, akabandika barua yangu yote pale kwa ubao, kila mtu asome.

Yote. Pamoja na aya ya mwisho.

Mwishoni alikuwa ameandika: "Nakuamini. Natamani nisingekuamini."

Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Nilimpigia Mama Mutheu saluti nilipofika, nikamwambia tumeshinda, jina letu ni safi. Akasema Mungu ni mwema. Nikamwambia sasa tunauza namba mbili, kisha namba tatu, tutaezeka ploti nzima.

Wiki iliyofuata nikaweka namba mbili. Kimya.

Nikaweka namba tatu. Kimya.

Wale jamaa wawili walioshindana na Gerrit mara ya kwanza, hata salamu hawakujibu. Yule mwenye nakala nyingine ndiye aliyeniandikia, na alikuwa na uchungu. Alisema kabla ya barua yangu alikuwa na hazina kwa kabati, sasa ana gazeti la jana. Hakuniita mwizi. Nadhani kama ningekuwa mwizi angenipenda.

Halafu Gerrit akarudi.

Sasa anataka refund tena.

Soma vizuri wakuu. Mara ya kwanza alitaka pesa yake kwa sababu kitabu ni feki. Mara ya pili anaitaka kwa sababu kitabu ni halisi, na halisi ziko chumba kizima. Alisema alilipa bei ya kitu adimu.

Nikaenda kutafuta tangazo langu. Kila neno nililiandika mwenyewe: hali nzuri, kurasa zote, Nairobi. Neno adimu halikuwepo. Adimu alileta yeye. Nikamjibu hivyo, kwa upole, bila Ukristo na bila kitambulisho.

Siku kadhaa baadaye akakubali kwamba ni kweli, mimi sikusema. Lakini alisema bado anaumia, na nikaona kwamba hiyo nayo ni kweli.

Nikampelekea Mama Mutheu neno. Nilidhani atasema aumie huko huko, maana tulikuwa na haki.

"Ni mtu mzima?" akauliza.

"Ana wajukuu, mama."

"Na analilia katuni?"

"Ndiyo."

"Basi mpe. Mtumie zote tisa, moja moja. Mtu amelia mara mbili kwa jambo moja, usimwache aende mikono mitupu."

Nikazituma. Posta nililipa mimi, kwa ile aya yangu ya mwisho. Gerrit aliandika barua ndefu ya shukrani. Alisema amekuwa akitafuta toleo la saba tangu akiwa kijana, hakujua hata kama liliwahi kuchapwa, na alilisoma usiku huo huo akiwa amekaa kwa ngazi na koti lake, hajafika hata kwa kiti. Hapo nilifurahi kweli. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza kufurahia kazi ya kile kiwanda.

Tukabaki na mabunda. Mzee Athumani akasema atachukua, anahitaji karatasi ngumu za kutilia ndani ya majalada. Alikuja na mkokoteni, akachukua siku mbili kumaliza. Alizitumia kwa rejista za shule peke yake. Vitabu vya dini alikataa, vya kanisa na vya msikiti, akasema mpelelezi hana kazi humo.

Kwa hivyo kama ulisoma pande za Lucky Summer miaka hiyo na mwalimu akaita jina lako kutoka kwa rejista, inawezekana Inspekta Nyuki alikuwa humo ndani akikusikiliza.

Chumba kikabaki kitupu. Mama Mutheu akakifagia, akafungua dirisha ambalo sikuwahi kuliona likifunguliwa, akapaka chokaa. Haukuisha mwezi akapata mpangaji, dereva wa lori na mke wake, watu wa kulipa tarehe moja bila kusumbuliwa.

Kodi ya miezi michache ilipita ile bank draft ya Gerrit. Na ilikuwa inakuja kila mwezi, bila posta, bila pini, bila mtu kuniita tapeli.

Siku ile mpangaji aliingiza kitanda, Mama Mutheu alisimama kwa mlango akitazama kuta. Nilidhani anamkumbuka marehemu. Alikuwa anamkumbuka, lakini kwa hesabu.

"Miaka yote hiyo," akasema, "mume wangu alikuwa amepangisha karatasi, na hazijawahi kulipa hata siku moja."

Akacheka mpaka akashika mlango.

Mafunzo yangu, wakuu, kwa wanaouza online siku hizi. Kabla hujaandika hali ya kitu, uliza wanunuzi wenyewe maneno yao yana maana gani, maana "nzuri" yako si "nzuri" ya kila mtu. Mteja akilalamika, mletee kitu anachoweza kutazama kwa macho yake, sifa zako za kanisani mwachie mchungaji. Na ukiitwa mwizi, jitetee kabisa, lakini ukishamaliza kujitetea, nyamaza. Usimtajie mtu stoo.

Sasa nyinyi niambieni. Ile aya ya mwisho, mngeiandika au mngekaa kimya mkaendelea kuuza moja moja? Mama Mutheu alisema nilifanya sawa. Mimi mpaka leo siku zingine nakubaliana naye, siku zingine sikubaliani.

Karibuni, na wenye matusi pia waje, nimezoea.