Nyumba Nyeusi ya Mapendo

Juzi, pale mtaani Mapendo, nilimkuta mtu akipaka mbao za nyumba mafuta machafu ya injini, na harufu ile ikanirudisha utotoni. Mpangaji wetu alikuwa amehama ile nyumba yetu ya mbao ya kupangisha kwa sababu ukuta ulivuja, na kodi yake ndiyo iliyotulisha. Mchana mmoja Mama alipigilia mbao mpya mahali palipooza, kisha akaanza kupaka ukuta mzima mafuta hayo hayo kwa kitambaa, hadi ukawa mweusi. Sikujua kwamba yanazuia maji. Nilidhani anaiharibu nyumba makusudi, ili tuhamie sisi wenyewe.

“Mama, hakuna mutu atapenda nyumba nyeusi hivi!”

“Mutu atazoea,” alijibu bila kugeuka, akichovya kitambaa tena. “Mvua ndiyo sitaki izoee humu.”